Mlango wa Bluu Kwenye Safu ya Kumi na Moja

Mimi ni mtu wa kuelekeza njia. Nyumbani kwetu Mhunze, mgeni akipotea, wakubwa walikuwa wananiita mimi nimweleze, kwa sababu nilikuwa sisemi "kule mbele" kama wenzangu. Nilikuwa nasema: utaona boma lenye ng'ombe mwenye pembe moja, uliache kushoto, ukisikia mashine ya kusaga umeshapitiliza. Nilisifiwa kwa hilo tangu utoto, na sifa za utotoni zina tabia ya kukaa mwilini.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye mradi wa kifua kikuu, ofisi ikiwa Kahama upande wa Nyahanga, niliingia na kipaji changu. Sikuanzia kwenye kompyuta za maana. Nilianzia meza ya mapokezi kwenye kliniki ya mkoba, ile inayowafuata wachimbaji wadogo huko huko waliko, kuanzia kwetu mpaka ndani ya Geita. Mgonjwa anakaa mbele yangu, mimi naingiza taarifa zake kwenye mfumo: jina, umri, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kijiji, duara, yaani shimo, analochimba kama ni mchimbaji, na kadhalika. Safu ya kumi na moja iliitwa "Maelekezo ya kufika nyumbani". Hiyo ndiyo ilikuwa yangu.

Machimboni hakuna mtaa wala namba ya nyumba. Mtu anajenga leo, kesho dhahabu ikisikika kwingine anang'oa bati zake anaondoka. Laini za simu zinabadilishwa ovyo. Dawa za kifua kikuu ni miezi sita bila kuruka, na anayeacha kuja kuzichukua tunamwita mtoro. Mtoro lazima afuatwe. Anayemfuata ni mhudumu wa afya ya jamii, na upande wetu alikuwa mzee mmoja mwenye baiskeli, mtu mwenye maneno mengi na magoti mabovu. Yeye alikuwa hajali jina la mgonjwa. Alikuwa anataka safu ya kumi na moja tu.

Tulikuwa na sheria: kwenye safu hiyo usiandike jina la mtu yeyote. Karatasi ya mzee ikidondoka njiani, anayeiokota asijue ni nani anaumwa nini. Tuliiona sheria nzuri na tulijivunia. Na kwetu wala haikuwa kazi ngumu. Mtu mzima hatajwi jina lake hovyo hovyo, anaitwa kwa mwanawe. Ukikatazwa na jina la mwana, unamweleza kwa kazi yake, kwa kovu lake, kwa rangi ya mlango wake. Tumelelewa hivyo. Karani wa mjini pengine angeandika "nyumba ya tatu kulia". Sisi tuliandika watu.

Kuna mama mmoja aliyegoma kuelekeza. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mama lishe, anapikia wachimbaji kwenye machimbo ya upande wa Geita. Alikuwa amekonda, ameshika mdomo kwa khanga, na kila swali langu alilijibu isipokuwa hilo la nyumbani.

"Mayu, bila hapo siwezi kukuandikisha," nilimwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi usiniandikishe. Mimi nauza chakula, mwanangu. Wakijua nakohoa hiki, nani atakula?"

Nilimwelewa, na nilimbembeleza hata hivyo. Nilimwambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi: "Hii inabaki kati yangu mimi na mfumo. Hakuna wa tatu." Akaishusha khanga mdomoni. Halafu akaelekeza, taratibu, nami nikaandika kwa ufundi wangu wote:

*Ukishuka kwenye karasha ya pili ya kusagia mawe, fuata mfereji wa maji ya kuoshea mawe mpaka mnara wa simu. Nyumba ya tope, bati jipya, mlango wa bluu, kibanda cha turubai mbele. Anapika makande na samaki. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Uliza kwa heshima, usiseme umetoka wapi.*

Niliipenda sana ile aya. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa baiskeli aliniambia angeweza kufika pale amefumba macho.

Haukupita muda nikapandishwa, nikawa mwangalizi wa data ofisini. Mama yule alikuwa mwezi wa tatu wa dawa, anaendelea vizuri. Muuguzi wetu alikuwa ameshamwambia kwamba hawezi tena kumwambukiza mtu. Wakati huo huo bosi akaniita na kunipa kazi iliyonifanya nijione msomi: nilinganishe programu za kulinda kanzidata na kuficha taarifa za wagonjwa, nipendekeze moja.

Sababu ilikuwa njema. Mradi ulitaka kuwapa wenye maduara na chama cha wachimbaji data yetu, waone wenyewe ni machimbo gani yana vumbi linaloua mapafu. Lakini kabla ya kuitoa, majina na kila kinachomtambulisha mgonjwa kifunikwe. Nilipewa programu tatu za majaribio. Moja niliitupa wiki ya kwanza, ilikuwa inaizimisha seva yetu kila ikiamka. Nikabaki na mbili.

Ya kwanza ilikuwa inaiacha data kama ilivyo, ila kila anayeifungua anaonyeshwa kwa kadiri ya cheo chake. Daktari anaona jina, mtakwimu anaona nyota. Pia inaandika nani ameangalia nini na saa ngapi, haikosi. Kasoro yake ni kwamba ilihitaji mtandao muda wote, na umeme wetu mnaujua. Ya pili ilikuwa inatengeneza nakala nyingine kabisa na kubadilisha kila siri kwa kitu cha uongo kinachofanana na kweli. Mwanamke wa Ushirombo anapewa jina la mwanamke mwingine, simu inakuwa simu nyingine, umri unasogezwa mwaka huku au kule. Ilikuja na orodha ya majina ya kigeni, nikacheka, nikaiwekea orodha ya majina ya kwetu niliyoitunga mwenyewe, majina ya mapacha wa Kisukuma yakiwemo. Matokeo yalipendeza. Ungeapa ni watu wa kweli.

Nilitengeneza jedwali lenye mistari kumi na minne na alama hadi kumi kwa kila mstari. Kasi. Ufunguo wa kufungia data unakaa wapi. Nani anaweza kuirudisha data ilivyokuwa. Je, inafanya kazi umeme ukikatika. Bosi wangu anapenda jedwali kuliko chai. Programu ya pili ilishinda kwa mbali, na ilikuwa na kitu kilichonimaliza kabisa: uwezo wa kujipekulia yenyewe. Unaiamuru, inapita safu zote inatafuta majina, namba za simu, namba za vitambulisho, hata zilizojificha katikati ya maelezo. Nikaiamuru. Ikapita. Kwenye safu ya kumi na moja haikukuta jina hata moja, kwa sababu sisi wenyewe tulikataza majina. Ikaandika kwa kijani kwamba hakuna taarifa ya siri iliyobaki, na mimi nikaiamini kuliko nilivyoiamini akili yangu.

Katika mistari yangu kumi na minne, hakuna hata mmoja uliouliza kama mtu wa hapa hapa akisoma atamtambua jirani yake. Waliotengeneza programu ile wasingeweza kujua. Huku majina yanajirudia. Ukiita jina moja sokoni wanageuka watu wanane. Mlango wa bluu karibu na mnara ni mmoja. Wao hawakujua, sawa. Mimi je? Mimi niliyezaliwa Mhunze?

Siku ya kuonyesha, tulikaa ukumbini asubuhi, watu kama ishirini. Walikuwepo watu wa wilaya, chama cha wachimbaji, na wenye maduara kadhaa. Nilivaa vizuri. Nilieleza tofauti za programu zile mbili, nikasifu nakala yetu iliyofunikwa, nikasema mtu yeyote aje ajaribu kumtambua mgonjwa mmoja tu. Nilisema kwa maringo. Kisha nikachagua machimbo ya upande wa Geita, na mistari ikajaa ukutani kwa projekta, kila mgonjwa na jina lake la bandia.

Mwenye duara mmoja alikuwa amekaa mbele, mtu mcheshi, mnene, aliyekuwa ametuchekesha tangu asubuhi. Alikuwa na soda mkononi. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa utani, kama mtu anayesoma gazeti kwa wenzake.

"Karasha ya pili... mfereji... mnara wa simu. Aa, huku ni kwangu kabisa! Mlango wa bluu. Anapika makande na sa..."

Akaiweka ile soda chini polepole.

"Huyu si yule mama anayetulisha?" aliuliza. Hakumuuliza mtu yeyote. "Jana nimekula kwake."

Mwenzake aliyekaa nyuma akasema, "Mwenye kovu hapa?" akajigusa mkono wa kushoto.

Nilifunga kompyuta kwa kishindo, lakini projekta zile zinashika picha sekunde kadhaa kabla ya kuzima. Sekunde zile nilizihesabu. Bosi aliomba kila mtu aheshimu siri ya mgonjwa, wakaitikia wote, na nadhani walimaanisha. Yule mcheshi hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu tu, na mtu mwenye hofu ana mke, ana vibarua, ana simu. Nilijaribu kueleza kwamba yule mama haambukizi tena. Walinisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza muuzaji.

Kabla ya wiki kuisha, hakuna aliyekula kwenye kibanda cha turubai. Habari hiyo aliniletea mzee wa baiskeli. Alisema mama alipika sufuria nzima ya makande siku tatu mfululizo na siku tatu akaimwaga. Siku ya nne hakuwasha moto.

Ofisini hatukugombana. Ingekuwa afadhali tungegombana. Bosi alisema mfumo umejifunza, na mimi nilitamani kumrushia kile kikombe chake cha chai. Tukaamua kwa haraka, kama watu walioungua: tukaacha programu ya pili, tukachukua ya kwanza, na safu ya kumi na moja tukaifunga kwa kila mtu. Ukiifungua unakuta nyota. Mwenye ruhusa ya kuona maneno ni mmoja tu, mwangalizi wa data, na kila akiona inaandikwa. Nilitia saini mwenyewe. Niliona nimetengeneza.

Baada ya majuma mawili, mzee wa baiskeli aliingia ofisini bila kubisha, jasho linamtoka, akaweka karatasi mezani kwangu.

"Binti, hizi ni nini?"

Nikaangalia. Ilikuwa orodha ya watoro aliyochapiwa, na pale penye njia palijaa nyota.

"Ni ulinzi, baba."

"Ulinzi." Akakaa, akasugua magoti. "Nina watu wanne hapa hawajameza dawa. Watatu nawajua, nitawapata kwa kuuliza uliza. Huyu wa nne ni yule mama wa makande. Nimeenda, kibanda hakipo, mlango wa bluu sijauona. Nimezunguka mpaka watu wakaniuliza naiba nini. Sasa wewe unanipa nyota. Nyota nitaigonga hodi?"

Kuacha dawa katikati ni kuufundisha ugonjwa kupigana. Ukirudi, unarudi sugu, na vidonge vile vya kwanza haviufanyi kitu. Alikuwa amekosa majuma mawili. Nilijua kwa nini hakuja kliniki. Nani angekuja tena kwetu? Nilimwambia mzee amwache huyo, nitakwenda mwenyewe. Nikachukua kifurushi cha dawa kwa muuguzi. Aliniangalia usoni, akaniwekea cha wiki moja, hakuuliza.

Nilifika mchana. Sikuhitaji kufungua mfumo, aya ile naijua kwa moyo. Karasha ya pili, mfereji, mnara. Pale penye kibanda cha turubai palikuwa na mashimo manne ya nguzo. Nyumba ilikuwepo, bati lake limepakwa tope juu lisionekane jipya. Mlango haukuwa wa bluu. Ulikuwa umepakwa oili chafu ya karasha, mweusi tii, na kwenye bawaba tu, ambako brashi haikufika, bluu ilibaki kidogo.

Alitoka mwenyewe. Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu kwenye jua lile.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

Nilishtuka. Aliniangalia machoni, na alinijua, nilikuwa na hakika alinijua. "Namtafuta mama anayepika makande," nilisema.

"Alihama huyo."

"Alihamia wapi?"

"Sijui. Watu walianza kumsema, akaondoka. Aliwahi kuambiwa na mtu kwamba hakuna wa tatu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wa tatu wakawa kijiji kizima."

Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kumweleza habari za safu na programu na jedwali langu la mistari kumi na minne, na nikaona jinsi maelezo hayo yasivyofaa kitu pale mlangoni. Nikasema tu kwamba nina makosa, na ni yangu, si ya mashine. Akakohoa mara moja, kikohozi kifupi cha kuzuia, na nikasikia kwamba kimerudi.

"Mayu," nikasema, "ukimwona huyo mama, utampa hizi? Ni za wiki moja. Aanze leo. Mwambie Ijumaa nitaleta nyingine, mimi mwenyewe, hatakuja mtu mwingine."

Alikitazama kile kifurushi. "Na hapa mmeshapaandika?"

"Sijapaandika."

"Hutapaandika?"

"Sitapaandika."

Akakipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukabaki ndani ya sweta. "Nikimwona nitampa," akasema. Kisha, kwa sababu adabu ni adabu hata kwa mtu aliyekuumiza, akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja."

Jumatatu niliingia kwenye mfumo, nikafungua safu ya kumi na moja ya mgonjwa huyo. Programu ikaandika jina langu na saa, kama ilivyoahidi. Nikaifuta aya yangu yote, mfereji, mnara, kovu, nikaandika neno moja: *Amehama.* Ni uongo wa kwanza niliowahi kuingiza kwenye data, na nilifanya kazi ya data nikijisifu kwa ukweli. Bosi alipopitia ripoti alisema sasa safu ile iko salama kabisa. Nilimjibu ndiyo.

Basi ikawa kila Ijumaa. Nilijifunza kutoshuka kwenye karasha ya pili, nashukia mbali, nazunguka na ndoo mkononi kama mtu anayefuata maji. Yeye anatoka, tunasalimiana. Mwanzoni aliendelea kusema habari za "yule mama": yule mama anatapika akimeza bila kula, yule mama usiku anatoka jasho. Nikawa naleta na unga kidogo, wa yule mama. Ijumaa ya nne alisahau, akasema "mimi", na hatukulitaja jambo hilo. Kikohozi kilipungua. Kibanda hakikurudi, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza atakula nini dawa zikiisha. Wakati mwingine nilirudi nikiwa na furaha, nikajikaripia kwa furaha hiyo.

Kisha wiki iliyopita nikaugua malaria. Alhamisi nilikuwa mzima, Ijumaa sikuweza kusimama. Kifurushi chake kilikuwa kwenye mkoba wangu, nakiona kutoka kitandani. Nilimfikiria mzee wa baiskeli, nikashika simu nimpigie nimwelekeze, na nikamsikia yule mama akiuliza, *hutapaandika?* Nikaiweka simu. Jumamosi nikaishika tena. Njia ya kufika kwake haikuwa kwenye mfumo, haikuwa kwenye karatasi, haikuwa kwa mtu yeyote. Ilikuwa kichwani mwangu tu, na kichwa chenyewe kilikuwa na homa, hakikumbuki hata siku. Kwenye lile jedwali langu niliwahi kuipa programu ya kwanza alama tisa kwa mstari usemao "mwenye ufunguo ni mmoja".

Jumatatu nilikwenda kwa pikipiki, nikimshika dereva bega nisianguke. Alikuwa amekaa nje, mbele ya mlango mweusi, kwenye jua, mahali ambapo kila apitaye angemwona. Alikuwa amekunja mikono ya sweta. Pakiti tupu ya wiki iliyotangulia ilikuwa mapajani mwake. Siku tatu hakuwa amemeza kitu.

Hakunisalimia. Aliniangalia nikishuka, akaniangalia nikitembea ule mwendo wote, na nilipofika karibu nikaona kwamba alikuwa amelia.

"Nilidhani na wewe umehama," akasema.